Macho ya Kuazima

Mtaa mzima ulimwita Kope, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipomaliza kumpiga mtu picha alimgeuzia kamera na kumwambia, "Hesabu kope! Ikikosekana hata moja, picha nakupa bure." Hakuna aliyewahi kuhesabu. Watu walicheka, wakalipa, wakaenda zao, na jina likamganda.

Tusimwonee, kazi aliijua. Alikuwa na imani moja tu, kwamba picha ya mtu ni macho. Shati likiwa na ukungu, hewala. Sikio likipotea, nani analihitaji? Lakini macho yakikosa ukali, hata kwa unywele, hiyo si picha ya mtu, ni picha ya nguo zilizovaliwa. Ndiyo maana kabla ya kubonyeza alikuwa na wimbo wake, "Macho, macho, nitazame hapa, macho," huku akiipeleka ile nukta nyekundu ya kamera taratibu mpaka itue juu ya jicho lililo karibu naye. Mkewe, ambaye ndiye aliyekata vioo na kuunga fremu katika chumba cha nyuma cha studio, alisema mumewe hata usingizini huimba macho.

Sasa, anayejua kazi yake ana ugonjwa wake mmoja: hujiamini mpaka akaacha kuangalia. Kope alinunua lenzi mpya, ya kufunguka sana, ambayo ukiifungua yote kila kilicho nyuma ya mtu huyeyuka kama siagi. Uzuri wa lenzi hiyo ndio ubaya wake. Sehemu inayotoka kali huwa nyembamba kama ukucha. Umelenga jicho, mtu akaja mbele kidogo tu, ukali unahamia nyuma, unakwenda kukaa sikioni. Kope aliyajua hayo yote, angeweza hata kukufundisha, na bado yakampata.

Yalimpata siku alipoletwa Mzee Pima. Mzee huyo alikuwa seremala, na jina la Pima alilipata kwa sababu alipima ubao mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Picha hakuzitaka maisha yake yote. "Sura yangu naijua," alikuwa akisema, "na asiyeijua aje anione." Binti yake mkubwa ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali, akaja naye, akamkalisha kwenye kiti cha studio. Mzee akakaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Shida ilikuwa tabia yake ya ufundi. Kitu akikitazama, anakiinamia. Kope alilenga jicho, akaanza wimbo wake, na kila aliposema "macho", mzee alijisogeza mbele kuichungulia lenzi kama anayekagua ubao uliopinda. Kope akabonyeza, akabonyeza tena. Akatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera, pale ambapo kila picha huonekana kali, hata ya ng'ombe anayekimbia. Akaridhika.

"Hesabu kope, mzee!"

"Sikuja na miwani," alijibu Mzee Pima, akanyanyuka, akaenda zake.

Kesho yake Kope alizifungua picha kwenye kompyuta, akazikuza. Masikio ya Mzee Pima yalikuwa makali ajabu, ungehesabu vinyweleo vya ndani. Macho yalikuwa ya mtu anayetazama kupitia chandarua. Akafungua ya pili. Masikio. Ya tatu. Masikio. Picha zote za mzee yule zilikuwa picha za masikio.

Mtu mwingine angemwita mteja siku ile ile, akaomba radhi, akarudia. Lakini Kope wa "hesabu kope" ampigie mtu simu amwambie macho yameharibika? Alisema atamwita kesho. Na kesho ya fundi wote tunaijua, haina Jumatatu wala Jumanne. Akaendelea kusema kesho mpaka Mzee Pima alipoanguka ndani ya karakana yake, na kabla hajafikishwa hospitali akawa ameshaaga dunia.

Siku chache baada ya maziko, binti mkubwa alisimama mlangoni pa studio, macho yamevimba.

"Fundi, ile picha ya baba. Hatuna nyingine. Mama anaiulizia asubuhi na jioni, anasema anasahau sura. Hebu fikiria, anasema anasahau sura!"

"Pole sana, dada. Ipo."

"Tunataka kubwa. Ile ya ukutani, kubwa kabisa."

Ndogo ingepita. Picha ndogo husitiri mengi. Kubwa haisitiri kitu. Kope akatamka yale maneno mawili yaliyowaponza mafundi wengi tangu ufundi uwepo: "Hakuna shida."

Kuazima macho si jambo geni katika kazi hiyo. Kwenye picha ya watu wengi, mmoja akipepesa, unachukua macho yake kwenye picha nyingine ya dakika ile ile na kumpachika. Hakuna anayejua na hakuna aliyeumia, kwa kuwa mtu amerudishiwa mali yake. Lakini kuchukua macho ya huyu ukampa yule, Kope hakuwahi, na alijua haifai, ndiyo maana kwanza alifunga mlango.

Akafungua mafaili ya wateja wa siku zile zile. Taa hazikuwa zimehamishwa na kiti kilikuwa pale pale, kwa hiyo mwanga ndani ya macho ungelingana. Akajaribu ya mwenye duka la dawa, Mzee Pima akawa kama mtu aliyeiba kuku. Akajaribu ya dereva wa lori, mzee akalewa. Ya mwalimu wa hesabu yakamfanya amkemee mtu asiyeonekana. Akajaribu hata ya mama mmoja mnene aliyekuja kwa picha ya kitambulisho, na Mzee Pima akamrembulia. Kope alicheka peke yake, kisha akaona haya, maana marehemu si wa kuchekwa.

Ndipo akafika kwa mwanamume mmoja wa picha za pasipoti. Alichukua mboni na weupe wake tu, mikunjo na ngozi akaiacha ile ile ya mzee. Akayatua mahali pake, na yakakaa. Hayakutaka kusogezwa kushoto wala kulia. Umbali wa jicho na jicho, upana, namna ngozi ya juu inavyoiangukia mboni, vyote vilikubali kama kifuniko kilichokuta sufuria yake. Mzee Pima akamtazama kutoka kwenye kompyuta, mkali, hai kabisa, na Kope akajikuta amevua kofia.

Kando ya mboni ya kushoto kulikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama punje ya mchanga. Angeweza kukifuta kwa mguso mmoja. Alikiacha, kwa kiburi tu, kwa kuwa kidoa kama hicho ndicho kinachomwonyesha mteja kwamba picha ni kali kweli kweli.

Mkewe alibisha hodi, akaingia na utepe wa kupimia fremu. Akasimama.

"Ya nani hayo?"

"Nini?"

"Macho. Juzi nikifagia hapa niliona mzee huyu ana ukungu. Leo ananitazama mpaka kisogoni."

Mwanamke yule ukimdanganya ni sawa na kuidanganya mizani. Kope akamwambia yote. Mkewe akaweka utepe mezani.

"Umemvalisha marehemu macho ya mtu aliye hai?"

"Mteja wa pasipoti tu, mpita njia. Nani atamjua?"

"Mke wa marehemu."

"Mkewe analia tangu siku ile, hata mlango haoni."

Mkewe akasonya, akauchukua tena utepe, akapima. Kazi ilikuwa imeshapokelewa na watu walikuwa wanasubiri.

Waliipeleka pamoja, mume ameshika upande mmoja na mke upande wa pili, imefunikwa shuka. Sebule ya marehemu ilijaa ndugu. Viti vyote vilikuwa kazi ya mikono yake, na hakuna hata kimoja kilichotikisika. Mdogo wa marehemu, baba mdogo wa mabinti, mtu wa kifua kikubwa aliyekuwa akisimamia kila kitu tangu msiba uingie, hadi kiasi cha sukari kwenye chai, ndiye aliyegongelea msumari. Picha ikapandishwa. Shuka ikavutwa.

"Ni yeye!" mtu alisema.

"Atasema sasa hivi!"

Binti mdogo akaangua kilio. Binti mkubwa akamshika Kope mkono kwa mikono yake yote miwili. Kope, kwa mazoea, alikuwa karibu kusema wahesabu kope, akajing'ata ulimi. Nafsi yake ilikuwa imeanza kutulia. Kazi imepita, alijiambia. Imepita na haitarudi.

Kisha mjane akatolewa chumbani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameshikwa mkono huku na huku. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya picha. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pumzi yake ikatia mvuke kwenye kioo, akaupangusa kwa upindo wa nguo yake. Akatazama kwa muda.

Akapiga ukelele. Kilio cha msiba watu wa nyumba ile walikuwa wameshakizoea, na hiki hakikuwa hicho. Vikombe vilianguka. Mkewe Kope aliushika ukuta.

"Mwanangu! Mwanangu yuko wapi? Nani amemwona mwanangu?"

"Mama!" Binti mkubwa alimkumbatia. "Mama, huyu ni baba."

"Mwanangu yu hai! Huyu hapa ananitazama!"

Kope hakujua lolote kuhusu mwana. Alihamia mtaa ule baadaye. Aliyemweleza ni binti mdogo, kwa kunong'ona, kwa aibu ya mtu aliyeona siri ya nyumba imemwagika mbele ya wageni. Walikuwa na kaka, wa kwanza kuzaliwa. Yeye na baba yao walizozana, wote wawili vichwa vigumu, baba akamwambia toka na usirudi, naye akatoka na hakurudi. Miaka saba. Baadaye likaja neno kwamba alikufa katika ajali, mbali huko, na tangu siku hiyo baba hakutaka jina lake litajwe chini ya paa lile.

"Shemeji, hiyo ni huzuni," alisema baba mdogo kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Huyu ni kaka yangu."

"Uso ni wa kaka yako. Uso huo nimeamka nao tangu nikiwa msichana, utanifundisha wewe? Nasema macho! Hiki kidoa, hapa. Kaka yako alikuwa nacho? Mwanangu alizaliwa nacho. Mkunga alidhani uchafu, akataka kukipangusa kwa pamba. Nimemnyonyesha nikikitazama!"

"Hilo ni vumbi." Baba mdogo alilisugua kwa dole gumba. Halikutoka. "Basi ni wino. Wino umedondoka."

"Fundi." Sasa alikuwa binti mkubwa. "Mwambie mama. Uliyempiga picha ni baba, si ndiyo? Mwambie basi, anateseka."

Sebule nzima ikamgeukia. Kope alikuwa akiona mambo mawili kwa wakati mmoja: kile kidoa, na kibao cha studio yake kikishushwa. Nani angempelekea uso wake mtu anayebadilisha watu macho?

"Ndiyo," alisema. "Nilimpiga Mzee Pima. Mimi mwenyewe, kwenye kiti changu."

Kila neno kati ya hayo lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Mjane akamtazama. "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama."

Alinywea pale pale, mbele ya macho ya watu. "Basi akili imeniruka," alisema kwa upole, kama mgeni aliyevunja glasi ya wenyewe. "Nisameheni. Nimewatia hofu." Akajiachia, wakampeleka chumbani, na hakulia tena. Hilo ndilo lililomtisha Kope kuliko ule ukelele.

Baba mdogo alikuwa ameshatoa simu. Alimwambia muuguzi mmoja, shemeji yake, aje na sindano ya usingizi. Kisha akawatangazia mabinti kwamba kuanzia leo mama yao asiachwe peke yake, atahamia kwake, na nyumba ifungwe. "Mtu akishaanza kuona wafu ukutani," alisema, "tunajua anakoishia."

Kope aliaga bila kumtazama mtu. Alifika getini kabla hajagundua kwamba nyuma yake hakuna mtu. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya ua, ile shuka ameikunja mkononi.

"Twende," Kope alisema.

"Wapi?"

"Nyumbani, wapi tena? Umeona jinsi mambo yalivyo."

"Nimeona. Yule mama amenyang'anywa mtoto mara ya pili, na mara hii mwizi ni mume wangu."

"Nikisema nimekwisha. Unanielewa? Studio imekwisha."

"Tutauza nyanya. Mimi kupanga nyanya naweza, na wewe mdomo unao. Yule mama je, akishaambiwa ni kichaa, atauza nini?" Akaibana shuka kifuani. "Mimi sitoki hapa. Ile fremu nimeibeba kwa mikono yangu."

Kope alisimama na mkono kwenye komeo la geti. Tuseme ukweli, alifikiria kutoka. Lakini miguu ikageuka, na alipoingia tena sebuleni jasho lilikuwa linamtoka kama amebeba gunia.

"Mama ni mzima," alisema. "Akili yake ni nzima. Macho yale si ya Mzee Pima."

Akaeleza: lenzi, ukungu, masikio, uoga wake, mlango alioufunga. Hakupamba. Alipofika kwenye neno "nilimpachika", baba mdogo alikuwa ameshamkaba ukosi.

"Umemng'oa kaka yangu macho!"

"Hayakuwepo, mzee wangu, yalikuwa ukungu..."

"Ukamtia ya mtu wa barabarani! Tumeyapokea, tumeyashangilia, tumeyalilia!"

Binti mkubwa alimtazama Kope kama mtu aliyeona funza kwenye chakula ambacho tayari ameshakimeza.

"Mwacheni." Mjane alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, amejishikiza. "Ya nani?"

"Mteja wa pasipoti, mama. Jina lake silijui. Picha nilimtumia kwa simu."

"Nionyeshe."

Kope alitoa simu. Alipapasa, akakosea, akarudia, mwishowe akaipata picha na kumpa simu. Mjane aliipokea kwa mikono miwili. Ndani yake alikuwamo mwanamume wa makamo kidogo, ana ndevu, shati jeupe, amekaa wima kama wakaavyo watu wa pasipoti. Ni uso ambao Kope aliutazama kwa nusu saa nzima akitafuta macho, asiuone.

Binti mdogo alichungulia begani kwa mama yake. "Kaka!" alisema, akaketi sakafuni. Mkono wa baba mdogo uliteleza kutoka kwenye ukosi wa Kope. Yule bingwa wa kusimamia kila kitu alitafuta kiti.

Ndiyo maana macho yalikaa vile, Kope alikuwa akifikiri. Ndiyo maana hayakutaka kusukumwa.

"Alikuja lini?" mjane aliuliza.

"Kesho yake baada ya mzee."

"Kwenye studio yako. Mtaa wa pili kutoka mlangoni pangu."

"Ndiyo, mama."

"Ndipo asifike kwangu? Atoke huko atokako, afike mtaa wa pili, asifike kwangu?"

Na hapo Kope akakumbuka. Ilimjia yote kwa pamoja. Yule mtu alikuja na begi mgongoni na boksi lililofungwa kamba, boksi la mtu anayekwenda kuwaona watu. Kwenye kompyuta, usoni pa kila anayeingia, alikuwepo Mzee Pima, maana ndiyo asubuhi ile Kope alikuwa ameugundua ukungu. Mteja alisimama akaitazama ile picha kwa muda mrefu kabla ya kuketi.

Angeweza kunyamaza. Safari hii hata mkewe asingejua.

"Aliuliza kama yule mzee ni mzima," alisema. "Nikamwambia mzima wa chuma. Akauliza ana watoto wangapi. Mama, mimi huwaongelesha wateja ili uso ulegee, ni maneno tu. Mzee naye nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema ana mabinti wawili. Nikamwuliza na wa kiume je, akasema hana."

"Hukumwambia hivyo mwanangu," alisema mjane.

"Nilimwambia. Nikacheka, nikasema randa zake sijui atamrithisha nani."

Mkewe Kope aliufunika uso kwa shuka.

"Akasema nini?"

"Akasema sawa. Nikamwambia nitazame hapa, macho, macho. Akanitazama, nikabonyeza. Akalipa, akasimama mlangoni, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akarudi alikotoka, na boksi lake."

Watu waliinua nyuso kutazama ukutani, na sasa hakuna ambaye asingeona. Ule mng'ao wa macho yale, ambao Kope aliudhani wa taa, ulikuwa maji. Yalikuwa macho ya mtu aliyejaza machozi na kuyazuia yasidondoke mbele ya mgeni, na alikuwa akiwatazama wote kutoka katika uso wa baba yake.

"Piga," mjane alisema.

Kope akapiga, akaweka sauti ya wazi, akaishika simu mbele ya mdomo wa mjane. Iliita mpaka watu wakaanza kukata tamaa.

"Haloo, fundi?" Sauti nzito, ya mtu aliye kazini, nyuma yake kuna vyuma vinagongana. "Picha nilishazipata, ahsante. Haloo?"

Mjane akaisogelea simu zaidi.

"Kifungua mimba wangu," alisema.

Vyuma viliendelea kugongana. Kisha inaelekea yule mtu alitembea, maana kelele zilififia mpaka zikaisha.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Mama, ongea polepole." Alikuwa ameshusha sauti, mtu mzima mwenye ndevu anayenong'ona kama mtoto aliyejificha stoo. "Baba asisikie. Sitaki akugombeze kwa ajili yangu."

"Hatanigombeza."

Ilipokuja tena, sauti ile ilikuwa imebadilika, imepanda, na kila aliyekuwa sebuleni alitamani masikio yake yazibe.

"Amekubali? Mama, amekubali? Mpe simu basi niongee naye. Mwambie simdai kitu, nataka kumsalimia tu."

Mjane alimtazama shemeji yake. Shemeji akainama. Mjane akawatazama mabinti.

"Njoo kwanza nyumbani, mwanangu," alisema.

Mtu mzima akiambiwa maneno hayo kwenye simu, taratibu, bila kupewa sababu, hahitaji mkalimani. Hawakusikia swali. Walisikia pumzi ikiingia, ikakaa huko, ikakawia. Halafu ikatoka, na ilitoka na sauti iliyomfanya baba mdogo anyanyuke haraka kuichukua simu na kuizima sauti ya wazi, kwa kuwa haikuwa ya kusikiwa na watu wengi.

Mjane akaiweka simu sikioni, akageukia ukuta. "Nipo," alikuwa akisema. "Nipo, mwanangu. Nipo."

Kope alibaki katikati ya sebule. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu wapi pa kutazama. Sasa mbele yake kulikuwa na picha, kulia mabinti, kushoto mkewe, na hakuna upande hata mmoja ambao angeweza kuutazama. Akatazama sakafu.